Baraka Ndani ya Giaboksi

Pikipiki ya maskini haifi mara moja, hukutesa kwanza. Yangu ilianza kulia nikiwa nusu ya njia kutoka Lodwar, kwenye gia ya tatu, kama mtu anayesaga mawe. Abiria wangu alishuka akasema heri angoje basi. Sikumlaumu.

Kakuma nilimwendea Chol, fundi wa kambini aliyeniundia upya injini juzi tu. Aliisimamisha pikipiki gurudumu la nyuma likiwa juu, akachukua fimbo yangu ya kuchungia, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni. Nikabadilisha gia. Ya kwanza, akatulia. Ya tatu, akafumba macho.

"Zima, ndugu. Si cheni hii. Iko ndani."

"Ndani wapi? Si tulifungua yote?"

"Ndiyo maana."

Akamwaga oili. Ilitoka na chenga za chuma, na ndani yake nyuzinyuzi za majani. Tulizijua wote wawili. Siku ile injini ikiwa wazi, baba alichinja mbuzi, akachota majani yaliyosagika tumboni akaipaka pikipiki, kama anavyopaka kila anachotaka kidumu. Mzee wangu habariki nusunusu: alipaka mpaka meno ya gia. Chol alitaka kuosha kwa petroli, nikamkataza. Nani ataosha baraka na aliyeitoa amekaa hapo anatazama?

Chol alipoifungua injini, majani yalikuwa yameziba tundu la oili, gia zimekauka zikalana. Meno yamekwisha, beringi imepasuka. Na vipuri hivyo tulivipata kwa kumuuza maksai mwekundu wa baba, wa mwisho aliyeachwa na ukame, yule ambaye hata baba mwenyewe huitwa kwa rangi yake: Apaloreng, baba wa yule mwekundu. Hakuna kingine cha kuuza. Nililia pale pale, watu wakipita.

"Utaambia mzee?" Chol akauliza.

Kabla sijajibu, baba alikuwa ameshafika, anamvuta mbuzi. Tumebaki na mmoja tu, wa maziwa ya binti yangu Akai.

"Ejok, wanangu," alitusalimu. "Nimeisikia tangu ng'ambo ya laga, kule mto ulikokauka. Kosa ni langu. Yule mbuzi alikuwa amekonda, baraka haikutosha. Huyu ana tumbo."

Chol alinitazama. Nilifungua mdomo niseme, mzee wangu, ni baraka yako iliyoiua. Lakini tangu maksai aondoke sikuwa nimemwona baba akitembea kwa haraka vile, wala kunyoosha mgongo vile. Nikachukua spana. Chol akainama kuokota kifuniko cha injini.

"Msiifunge," baba alisema, akichomoa kisu.

Nikaweka spana chini, nikamshika mbuzi miguu.