Mduriani wa Lamduan

Mbolea ya kutiwa kabla ya maua ilifika mkoani Chanthaburi maua yakiwa yamekwisha kupukutika na matunda yameshika ukubwa wa yai. Bwana shamba Thawat akataka kila mkulima apigwe picha na mifuko mitupu. Asiye na picha, jina lake linafutwa kwenye orodha ya mbolea. Mzee Bunluea akaimwaga yote. Alianza na mduriani alioupanda marehemu mkewe, Lamduan, akauongezea makopo mawili kwa mapenzi.

Siku ya kumi mti ulimeremeta majani mapya, na chini yake matunda yametapakaa. Ulishiba naitrojeni ya mbolea, ukaacha kulea matunda ukalea majani.

Bunluea akaegemeza ngazi, akapanda, akaanza kunyofoa machipukizi kwa kucha, moja moja.

"Baba, shuka," binti yake Orathai alisema. "Una miaka sabini."

"Nikishuka mimi, yatashuka na haya yaliyobaki. Lete kikapu."

"Mama angekucheka."

"Mama yako asingemwaga. Aliacha kunde zitambae hapo chini, akazifyeka, zikaoza, basi. Mti ukala kidogo kidogo. Mimi nimeushindilia kama mgeni wa wilayani."

Orathai akacheka, akavua kandambili, akapanda tawi la pili.

Adhuhuri Thawat akafika na pikipiki, mifuko miwili nyuma.

"Mjomba, awamu ya pili hii. Naona majani yamependeza."

"Tazama chini, mwanangu, siyo juu."

Kijana akatazama. Akaokota tunda moja, akaligeuzageuza.

"Ratiba inatoka juu, Mjomba."

"Najua. Huko juu hawana miti."

"Sasa niwapelekee picha gani?"

"Ya hilo uliloshika."

Thawat akaliweka tunda juu ya mfuko usiofunguliwa, akapiga picha. Hakusema kama ataituma. Mifuko akaondoka nayo.

Siku nne baba na binti walinyofoa. Ya tano halikuanguka tunda. Yalibaki kumi na moja, kwenye mti uliozoea kubeba themanini. Bunluea akafungua kopo la biskuti, akatoa kamba nyekundu ambazo Lamduan alikuwa akifungia matunda matawini yasing'oke kwa uzito. Ilikuwa mapema mno kufunga, matunda bado madogo. Akayafunga yote, halafu akamwuliza Orathai mama yake alikuwa akiweka wapi mbegu za kunde.