Hati ya Mume wa Paskazia

Barua ya Marcel ilifika Tinde mwezi wa Mei, mwaka 1966. Katekista Otmar alipomaliza kuisoma, Paskazia alimwomba arudie pale palipotajwa nyumba.

"Vyumba viwili," Otmar akarudia. "Na bomba la maji uani."

Marcel alikuwa akichimba shaba huko Zambia. Sasa mgodi ulikuwa umempa nyumba, naye alitaka mkewe amfuate pamoja na binti yao, Coletha. Sharti lilikuwa moja tu. Ili wapewe ruhusa ya kuhama nchi, ilitakiwa hati kutoka ofisi ya kodi Shinyanga, kwamba mwenye familia hadaiwi kitu.

Paskazia alipiga magoti akamshukuru Mungu. Kisha akakumbuka, na shukrani ikamkauka mdomoni.

Miaka mitatu nyuma Marcel aliondoka bila kuaga ofisi ya kodi. Jina lake likabaki daftarini, na kila msimu watoza kodi walikuja kumdai baba yake, Mzee Mihayo. Mara ya kwanza walichukua mbuzi. Mara ya pili walimfunga mzee kamba mikononi, wakamtembeza barabarani hadi bomani, na tangu mahabusu ile kifua chake hakikupona. Mara ya tatu mzee akawaambia mwanawe amefia njiani. Kwao Tinde, msiba huonekana kichwani. Watoza kodi waliporudi kuhakikisha, walikuta nyumba nzima imenyoa upara. Paskazia naye alinyolewa. Alicheka hata wembe ukamkata kidogo.

"Tulia, Mama Coletha," mama mkwe akamwambia. "Mjane gani huyu anachekacheka?"

Jina la Marcel likakatwa. Nyumba ikapumua.

Sasa Paskazia na Mzee Mihayo walikuwa wamekaa kwenye benchi mbele ya karani wa ofisi ya kodi Shinyanga, kijana mpole aitwaye Silvesta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

Silvesta alifunua daftari taratibu, akasoma, akamtazama Paskazia.

"Mama, hapa pameandikwa mumeo ni marehemu. Na wewe unataka kumfuata." Alitaka kutabasamu, akaacha. "Nani aliweka dole gumba hapa?"

"Mimi," akasema Mzee Mihayo.

Karani akafunga mlango, akarudi kukaa. Alieleza bila ukali. Kama Marcel yu hai, jina litarudishwa, kodi ya miaka yote italipwa, na hati itatoka. Lakini aliyetoa ushahidi wa uongo atapelekwa mahakamani, na kifungo hakikwepeki. Kama Marcel amekufa, Paskazia ataweka dole gumba lake chini ya lile la mzee, na faili litafungwa moja kwa moja, bila hati.

"Andika yu hai," akasema Mzee Mihayo. "Mimi nitakwenda."

"Baba, kifua hicho?"

"Kifua ni changu. Mume ni wako. Nenda ukakae na mumeo, mwanangu." Kikohozi kikamkamata, akainama hadi paji la uso likagusa meza.

Paskazia alimshika mgongo. Chini ya shati alihisi mbavu moja moja. Akaomba moyoni, *Bwana, nionyeshe njia ya tatu.* Alingoja. Nje mtu alikuwa anapiga pampu baiskeli. Njia ya tatu haikuja.

"Amefariki," akamwambia karani, akanyoosha kidole.

Silvesta alimsogezea wino bila kumtazama usoni.

Walirudi Tinde. Jumapili baada ya misa, Paskazia alimfuata Otmar akiwa na karatasi.

"Mwandikie hatuji, asitungoje. Akirudi watamkamata baba. Mwambie atafute mwanamke wa kumpikia huko."

Otmar aliweka kalamu chini. "Hilo siwezi kuliandika, Mama Coletha. Mimi nilisimama shahidi wa ndoa yenu. Marcel yu hai, na wewe ni mkewe hadi kifo."

"Serikali imeandika mimi mjane."

"Kanisa halijaandika."

Coletha alikuwa mlangoni akiuliza wataondoka lini kwenda Zambia.

"Basi mwandikie tumepata barua yake," Paskazia akasema hatimaye. "Mwandikie nyumba ni nzuri."