Ini la Mtu Asiyekunywa

Shemeji yangu, mwalimu mstaafu aliyemwoa dada, hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na alihakikisha wote tunajua. Nikibisha hodi, alininusa kwanza, salamu baadaye. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nikitoka kazini koo limekauka, napitia mahali. Basi nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango nikihubiriwa kuhusu ini langu.

Halafu picha ya hospitali ikaonyesha uvimbe kwenye ini. Lake.

Nilicheka, sitaficha. Nilicheka mpaka nilipouona uso wa dada. Kipimo cha damu nacho kikaashiria saratani ya ini, na mtaa mzima ukageuka daktari: ini huharibiwa na pombe, kwa hiyo Mwalimu alikuwa anakunywa kwa siri. Wale aliowahubiria miaka nenda miaka rudi waliipokea habari hiyo kwa vicheko. Dada alipekua makabati, akanusa hata chupa ya dawa ya kikohozi, kisha akahamishia mto wake chumba cha binti yao aliyeolewa.

"Umeishi na mimi miaka yote hii," Mwalimu alimwambia. "Ningekuwa mlevi usingejua?"

"Ndicho kinachoniuma," dada akajibu.

Mtu pekee aliyemwamini ni mimi. Mlevi mwenzangu namtambua kwa mbali, na yule hakuwa mmoja wetu.

Daktari wake, mama mmoja asiye na haraka, naye hakuridhika. Ukiacha ule uvimbe, ini lilikuwa zima mno kwa saratani iliyoanzia hapo. Akaagiza mpira wenye kamera upitishwe kooni hadi tumboni, na huko wakakuta kidonda. Wakakata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa kupimwa.

Siku tuliyoitwa, Mwalimu alivaa koti la suti.

"Saratani imeanzia tumboni," daktari alisema. "Ni ya nadra. Seli zake zinafanana na za ini, ndiyo maana hata damu ilitudanganya. Pombe sioni dalili yake popote."

"Rudia hiyo ya mwisho," Mwalimu alimwomba, akasimama na kutugeukia. Alitabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Dada akamshika mkono, machozi yakimtoka. "Nisamehe, baba watoto. Nisamehe."

"Subirini kwanza," daktari alisema taratibu. "Ingekuwa ya ini kweli, kile kipande cha ini chenye uvimbe tungekikata. Hii imetoka tumboni, imeshasambaa. Kuna dawa za kuipunguza kasi. Kupona, siwezi kuwaahidi."

Nilitamani kumpiga mtu, sikujua nani.

Dada akauachia mkono wa mumewe, akasogeza kiti karibu na meza. "Daktari, angalia tena, itakuwa ni ya ini. Huyu alikuwa anakunywa. Mimi mkewe, namjua."

Daktari akamtazama mgonjwa. Mwalimu alikaa polepole, akafunga vifungo vya koti.

"Kila siku, daktari," akasema.