Mizinga Iliyosemwa Kuwa Mitupu

Mwalimu Muthama alikuwa akiwatilia kuku maji alipomwona nyuki wa kwanza. Alitua ukingoni mwa karai, akanywa. Akaja wa pili, kisha wakawa wengi kiasi cha kutohesabika. Walipokwisha kunywa waliruka wote upande mmoja, kuelekea mgunga mkubwa ulioko bondeni nyuma ya boma.

Na chini ya mgunga huo alikuwapo Jonah, mjukuu wake, na gitaa lake.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1991. Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na mbili mfululizo baada ya kiangazi kirefu kilichowahamisha nyuki wote wa kijiji cha Tulia. Muthama, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, alikuwa amekataa katakata uwanja wa kanisa utumiwe kupigia picha za video za bendi ya Jonah. Badala yake aliwapa vijana mgunga wake. Kalunde, binti aliyeimba katika bendi hiyo, alitazama mizinga minne iliyoning'inia matawini, akauliza kwa adabu kama ina nyuki.

"Ni mitupu," Muthama alimjibu. "Au unataka kunifundisha habari za mizinga niliyoichonga mwenyewe?"

Hakwenda kutazama. Ilikuwa mitupu tangu Julai, na hakuona sababu ya kutumwa na msichana.

Sasa aliwaacha kuku na karai lao. Jonah alipokuwa na miaka tisa, nyuki mmoja alimuuma shingoni na koo likaziba. Muthama alimpakia kwenye baiskeli hadi Kitui, mtoto akikoroma mgongoni pake. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiumwa tena huenda wasifike kwa wakati.

Aliingia jikoni, akatia makaa katika kopo la maziwa, akaweka kinyesi kikavu cha ng'ombe na majani mabichi juu yake. Moshi mzito ukatoka. Akateremka bondeni upesi, lakini alipoukaribia mgunga alijilazimisha kutembea.

Wimbo ulikuwa ukitoka kwenye redio ya kaseti, na vijana wanne walijifanya kuupiga. Spika kubwa ilikuwa imeegemezwa kwenye shina. Jonah naye alikuwa ameegemea papo hapo, macho ameyafumba. Juu yake mdomo wa mzinga ulikuwa umegeuka mweusi, na weusi huo ulikuwa ukitembea.

"Mwalimu, usipite mbele ya kamera," alisema Mursal, mwana wa muuza duka wa Kitui, aliyezoea kupiga picha za arusi. "Betri inaisha. Kama magitaa yamekukera, ngoja tu huu wimbo uishe."

"Mursal, punguza sauti. Kidogo kidogo. Usiizime ghafla."

"Lakini Mwalimu, ulituruhusu."

"Tazama juu ya Jonah."

Mursal aliinua uso kutoka kwenye kamera. Mkono wake ukaishika redio, ukaanza kugeuza kitufe cha sauti.

Nyuki walikuwa wameanza kushuka. Walitambaa juu ya spika, kisha juu ya shati la Jonah. Kalunde aliinua mkono kumfukuza mmoja aliyemkabili usoni.

"Kalunde, shusha mkono, mwanangu. Nyote rudini nyuma, hatua moja moja. Jonah, wewe simama hapo hapo."

Jonah alifumbua macho, akaona nyuki kwenye mkono wa shati lake. Rangi ikamtoka.

"Babu," alisema bila kusogeza midomo. "Ulisema ni mitupu."

"Nilisema."

Muthama alijipenyeza kati ya kijana na shina, akaliinua kopo. Moshi ukawafunika wote wawili. Nyuki mmoja alimuuma kopeni, mwingine chini ya sikio. Hakujikuna. Kwa kiganja alichokifukiza moshi alipangusa shati la mjukuu wake taratibu, kama apangusaye vumbi la chaki, hadi shingoni palipobaki nyuki wawili. Jonah alikuwa amezuia pumzi. Mmoja akaruka. Wa pili akatambaa hadi kwenye kola, akasita, kisha naye akaufuata mwanga.

Walirudi nyuma pamoja hatua hamsini. Hapo ndipo Jonah alipoketi chini na kulia kama mtoto, gitaa likiwa bado begani.

"Umeumwa?" babu aliuliza.

"Hapana. Wewe ndiwe uliyeumwa, jicho limevimba hadi likafumba."

Mutiso, mpiga ngoma, alijaribu kucheka. "Mwalimu, hata ukituchapa leo hutatuona vizuri."

Muthama hakumkemea. Alisimama wima mbele yao, kama alivyokuwa akisimama kwenye gwaride la asubuhi shuleni.

"Kalunde aliuliza swali jema nami nikamjibu kwa kiburi bila kutazama. Kosa ni langu."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Mursal alikohoa, akakiri kwamba kamera haikuzimwa. Mwalimu na kopo lake walikuwa wote ndani ya picha. Angeweza kufuta sehemu hiyo.

"Usifute," Muthama alisema. Darasani hakuruhusu mtu kukwangua kosa kwa wembe. Lilikatwa kwa mstari mmoja, jibu sahihi likaandikwa kando yake. "Nenda ujaze betri. Kesho saa nne mtapiga wimbo wenu katika uwanja wa kanisa. Wazee nitazungumza nao mimi mwenyewe, jioni hii, na jicho hili hili."