Nyumba Isiyo na Watu

Mama Povu alifunga kufuli la mwisho, akasikia mtu ndani akimshukuru. Mtu mzima anayeshukuru kufungiwa kama kuku wa kupelekwa sokoni, utamjibu nini?

Makarani wa sensa walikuwa wameshafika mwanzo wa mtaa. Mwenye nyumba alikuwa ameiandikisha nyumba ile kuwa ghala la saruji ili akwepe kodi ya pango, na saruji yenyewe ilikuwa wapangaji. Akawaamuru waingie vyumbani, wafungiwe kwa nje, wanyamaze. Wakakubali, tena mbiombio. Fundi cherehani aliogopa kudaiwa kodi ya biashara. Dereva wa lori alikuwa na mke wa pili ambaye wa kwanza hakumjua, akaona kuhesabiwa kutamponza. Na yule waliyemwita Bwana Siasa, aliyehutubia kibarazani kila jioni kwamba wakubwa hawawaoni wanyonge, ndiye aliyetangulia uvunguni.

Sensa iliyopita walijificha vivyo hivyo. Mtaa ukaonekana mtupu, bomba la maji likapelekwa ng'ambo ya barabara kuu. Wao wakapata la kulalamikia. Mama Povu, anayewafulia watu nguo ili apate kula, akapata ndoo ya kujitwika kila alfajiri, na shingo ikaanza kwenda upande.

Safari hii aliachwa nje ili afunge milango, na akiulizwa aseme yeye ni mfuaji tu, anakuja na kuondoka. Mwenye nyumba alimweleza kwa sauti ya chini.

"Ukiniharibia, leo hii utafute pa kulala."

Na mahali pengine pa kulala hakuwa napo.

Karani alikuwa binti mwembamba, kishikwambi amekikumbatia kifuani. Alikuta kufuli kila mlango, uani kamba zimelemewa na nguo mbichi, na mwenye nyumba anachekelea mpaka magego yanaonekana. Hili ni ghala tu, mwenye nyumba akasema, humu hakai mtu.

Ndani ya ghala mtoto akapiga chafya.

"Panya," akasema mwenye nyumba.

Karani aliitazama kamba. "Mnawafulia mpaka nepi?"

Mwenye nyumba akacheka peke yake. Karani akamgeukia mfuaji, akamwamkia kwa adabu.

"Usiku wa kuamkia leo ulilala wapi, mama?"

Mama Povu alikuwa ameshika shuka, amelikamua nusu. Mwenye nyumba alimtumbulia macho kama chura aliyekanyagwa. Nyuma ya milango watu wazima na ndevu zao walikuwa wamebana pumzi.

"Nililala hapo, mwanangu. Chumba cha tatu."

"Na wengine?"

"Hao wameomba wasiwepo."

Akalikamua shuka mpaka tone la mwisho, akalianika, kisha akajibu yote aliyoulizwa: umri wake, kazi yake, watoto aliowazaa na waliobaki. Alijibu taratibu, kwa sauti ya kusikika vyumbani. Karani akapita mlango kwa mlango akibisha. Alipobisha kwa mara ya pili chumba cha mwisho, Bwana Siasa akajibu kutoka uvunguni.

"Hatumo."

Karani akaandika namba kwa chaki kwenye mlango wa Mama Povu, akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Walipofunguliwa walitoka wakigombea choo, na waliporudi wakamgeukia yeye. Fundi cherehani akasema wameuzwa. Mke wa pili wa dereva akasema vikongwe hawana siri. Mwenye nyumba alirusha godoro la Mama Povu uani, na sufuria likafuata. Hakuna aliyeinama kumsaidia kuokota. Mama Povu alikunja nguo za watu zikiwa bado na unyevu, akajitwika beseni.

Alipopita mlango wa chumba chake alimkuta mwenye nyumba anaifuta ile namba kwa mate na mkono wa shati. Kila alipofuta, weupe ulizidi kutapakaa ubaoni, na mkono wa shati nao ukageuka mweupe hadi kwenye kiwiko. Mama Povu alisimama, akaliangalia lile doa kwa jicho la kazi. Kisha akashika njia, na nyuma yake yule bwana bado anasugua.