Shaba Akataa Ugali

Shaba alikuwa mbwa wa kula. Selina alimchukua kwa jirani yake Sabina akiwa mdogo kama kiatu, akamlea hapo nyumbani Mkolani kwa ugali wa dona na mapanki ya sangara, yale mabaki minofu ikishatolewa, yaliyochemshwa mpaka mifupa ikalainika. Sufuria ilipowekwa chini, mbwa aliingiza kichwa chote, akaisukuma uani kote ikigonga kuta mpaka ikawa tupu. Ndiyo maana asubuhi ile alipokuja, akanusa, akamtazama Selina usoni, kisha akageuka na kwenda kulala, Selina alibaki amesimama na mwiko mkononi.

"Umeshiba nini wewe?" alimuuliza.

Shaba alipiga mkia chini mara moja, akafumba macho.

Jioni akafanya vile vile. Kesho yake pia. Selina akabadilisha mapanki akaweka dagaa. Mbwa akachagua dagaa wawili watatu kwa ncha ya meno, ugali akauacha. Akampa wali wenye mchuzi. Akalamba mchuzi, wali ukaliwa na kuku. Hapo Selina akaanza kuogopa. Mtaa wa juu yao, mbwa wa watu alitupiwa nyama yenye sumu, na kabla wenye nyumba hawajamaliza kumfukia, wezi walikuwa wameshaingia na kubeba vitu. Yeye mumewe hayupo. Nathaniel alikuwa fundi mitambo katika meli ya Nansio, na siku nyingi alilala hukohuko Ukerewe. Nyumbani walikuwa yeye Selina, mbwa, na baba mkwe.

Baba mkwe, mzee Ndalahwa, alikuwa mgeni bado. Alikuwa amemzika mkewe Wilhelmina kijijini kwao Misungwi, na baada ya matanga Nathaniel akakataa kumwacha peke yake. Ng'ombe wakabaki na mdogo wa mzee, mwenyewe akaletwa mjini na koti lake na redio, akapewa chumba cha uani. Selina alimpenda, ila alimpenda kwa mbali, kama alivyofundishwa. Mkwe hakai na baba mkwe wakati wa kula, wala hamkodolei macho akitafuna. Alipiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo Baba," akaweka sinia juu ya kigoda mlangoni, akaondoka. Mchana, kwa kuwa alikuwa anashona nguo Mkuyuni, alimwachia chakula kwenye hotipoti. Jioni alikusanya sahani, na sahani zilirudi nyeupe, bila hata punje. Hilo lilimfurahisha. Alikuwa amemwambia Sabina, "Mzee wangu ana majonzi, lakini namshukuru Mungu, anakula."

Shaba alipokataa hata utumbo wa kuku, Selina alimfunga kamba, akambembeleza dereva wa bajaji, akampeleka Mkuyuni kwa daktari wa mifugo.

Daktari aliitwa Janet Okomo, mama mnene mwenye sauti ya kanisani. Alimwinua Shaba juu ya meza, akamfungua mdomo, akambonyeza tumbo, akavuta ngozi ya shingo na kuiachia. Mwisho akaweka viganja vyake viwili mbavuni mwa mbwa, akacheka.

"Dada, umesema mbwa huyu hali?"

"Hali, daktari. Tangu juma lililopita ananusa tu."

"Huyu anakula. Tena anakula vizuri kunishinda mimi. Hebu weka mkono hapa. Unasikia mbavu? Husikii. Haya ni mafuta. Mbwa angekosa kula siku zote hizo, mbavu ungezihesabu kwa macho."

"Sasa anakula nini?"

"Nyama. Kuna mtu anampa nyama. Mbwa hawa wakishaonja utamu, ugali hawautaki tena. Atakungoja ushindwe wewe. Mtafute huyo mtu umkomeshe. Halafu mwekee mbwa chakula chake. Akikataa, ondoa sufuria, umpe tena baadaye. Usimbembeleze."

Selina alishukuru, lakini njia nzima ya kurudi alijiuliza. Nani ampe mbwa wa mtu nyama bure? Mwizi. Mwizi mwenye subira, anayejenga urafiki kwanza, ili siku yake ikifika mbwa amlambe mikono. Akamfikiria mzee amekaa peke yake uani na redio yake. Kesho yake hakungoja jioni. Mchana ulipofika akafunika cherehani, akafunga banda, akarudi Mkolani bila kumwambia mtu.

Alisukuma geti taratibu. Uani hapakuwa na mtu. Hapo akasikia sauti ikinong'ona kutoka chumba cha baba mkwe.

"Kula. Kula upesi, mwenye nyumba asije akatukuta."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Shaba alikuwa ndani, kichwa kimezama kwenye sahani ya mzee, ya bati yenye ua jekundu. Ilikuwa nyama ya ng'ombe aliyoichagua Selina mwenyewe, akaikaanga na vitunguu alfajiri kabla ya kutoka. Mzee Ndalahwa alikuwa amekaa kitandani akimtazama mbwa, mkono mmoja ukiwa na kikombe cha maziwa mgando.

Hasira ilimpanda Selina kwanza. Kisha akamwona mzee vizuri, kwa mara ya kwanza tangu alipokuja, kwa kuwa mzee hakujua kwamba anatazamwa. Shati lilimning'inia kama la mtu mwingine. Shingo imebaki mishipa. Shavu la kushoto, upande ambao siku zote aliugeuzia ukuta akisalimiwa, lilikuwa limevimba.

Selina akachuchumaa pale mlangoni.

"Baba. Chakula changu ni kibaya?"

Mzee alishtuka, maziwa yakamwagika gotini. Alimtazama mkwe wake, akamtazama mbwa, akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Chakula chako ni kizuri. Muulize huyu."

"Basi mbona huli?"

Shaba alimaliza nyama, akalamba sahani pande zote, akajilaza juu ya miguu ya mzee. Selina hakuinuka. Alijua anavunja adabu kukaa pale, na alikaa.

"Siwezi kutafuna," mzee akasema mwisho. "Tangu kabla ya msiba. Nikiuma kitu, maumivu yanapanda mpaka kichwani. Nikaona aibu kukurudishia sahani imejaa, na wewe unaamka gizani kunipikia."

"Ungesema tu, Baba! Ningekupikia uji, ningekupikia supu."

"Ungepika uji leo, kesho ungeuliza kwa nini uji. Halafu mngenipeleka hospitali." Aligusa shavu kwa ncha za vidole. "Mama yenu alianza hivi hivi. Uvimbe hapa, chini ya taya. Alikuwa analima, anacheka, anabeba maji. Tukampeleka, wakampima, wakatuambia jina la ugonjwa. Tangu siku ya jina lile hakushika jembe tena. Mimi sitaki kuambiwa jina, Selina."

Mzee hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake.

"Baba, mwanao amemzika mama juzi tu, udongo haujakauka. Ukituacha na wewe, na mimi nilijua nikanyamaza, nitamtazamaje?"

"Usimwambie."

"Nitamwambia. Nisamehe Baba, lakini hili nitamwambia."

Alisubiri akaripiwe. Mzee alimpapasa mbwa masikio. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Basi nitafutie koti langu," akasema.

Selina alimpigia simu Nathaniel, naye akavuka na meli ya asubuhi, akaja moja kwa moja na ovaroli yake yenye grisi. Wakampeleka mzee mjini kwa daktari wa meno. Walipokuwa benchini wakisubiri picha ya taya, Nathaniel alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake, na Selina alisoma bango la mswaki ukutani mpaka akalikariri.

Daktari akatoka na picha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, jino hili lilikuvunjika lini?"

"Zamani. Fahali alinipiga pembe nikiwa kijana."

"Mzizi ulibaki ndani. Sasa umeoza, umetunga usaha. Ndio huu uvimbe. Utakunywa dawa kwanza uvimbe upungue, halafu tutautoa."

Mzee Ndalahwa aliendelea kumtazama usoni, kana kwamba daktari hajamaliza.

"Na lile jina lingine?"

"Jina gani, Mzee?"

Mzee akamgeukia mwanawe. Nathaniel ndiye aliyesema, "Saratani, daktari. Mama yetu."

Daktari akaweka picha chini, akavuta kiti, akakaa karibu na mzee. "Pole sana. Hapa sioni dalili yake. Ninachokiona ni usaha na mzizi. Tukishautoa nitakuita tena nihakikishe pamepona. Lakini hili ni jino, Mzee. Ni jino tu."

"Jino tu," mzee akarudia. Kisha mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu Misungwi, yakashuka, akaonekana mdogo na amechoka na mwenye furaha. Nathaniel alitoka nje. Selina alipomfuata alimkuta amegeukia ukuta, ameficha uso ndani ya ile kofia, analia na kucheka kwa pamoja.

Mzizi ulitolewa, na mzee alipoitwa tena aliambiwa kidonda kimefunga vizuri. Nyumbani alianza na uji wa ulezi wenye maziwa, akaenda kwenye supu ya sato, kisha ugali laini wa kumeza. Mlango wake hakuufunga tena wakati wa kula. Selina aliendelea kuweka sinia na kuondoka, lakini jikoni alisikia kijiko kikigonga bakuli, na mlio ule ulimtosha.

Aliyeumia ni Shaba. Alikaa mlangoni kwa mzee, akainua mguu mmoja, akalia puani. "Rafiki yangu," mzee akamwambia, "mambo yamebadilika." Selina akamwekea ugali na mapanki, akanusa, akageuka. Selina akaondoa sufuria. Jioni hivyo hivyo. Alipotaka kumwonea huruma na kumtilia mchuzi, Sabina akamkemea kutoka upande wa pili wa ukuta:

"Mwache! Njaa haina baunsa, atakula tu."

Siku iliyofuata Shaba alizunguka sufuria akijifanya anapita njia yake. Akakaa. Akaangalia pembeni. Mwisho akaingiza kichwa chote, na sufuria ikaanza safari yake ya kugonga ukuta, huku kuku wakiruka kuikwepa.

Jumapili moja, Nathaniel akiwa nyumbani, Selina alipika kuku wa kienyeji na ugali wa kawaida, mgumu wa watu wazima, akapeleka sinia, akapiga goti, akarudi jikoni. Hakuwa hata amekaa aliposikia akiitwa.

"Mama!"

Alitoka mbio. "Abee, Baba!"

Mzee Ndalahwa alikuwa amekunja mikono ya shati, tonge shavuni, paja la kuku mkononi, uso umekunjamana kwa kutoridhika.

"Mchuzi huu umesahau chumvi."

"Nisamehe Baba, naleta sasa hivi."

Akarudi jikoni kuchukua chumvi, na huko ikabidi ashike mlango kwanza, maana kicheko kilimbana.