Shimo la Vesta

Mdogo wangu ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona mbao yenye shimo akaiacha salama. Ni fundi seremala kama marehemu baba, na kwa baba alirithi kila kitu isipokuwa subira.

Shule yetu ya msingi ilipobomoa darasa la zamani, mwalimu mkuu alinipigia simu nikachukue sayari za mbao za kufundishia alizochonga baba. Nilizikuta kwenye boksi, zimeliwa na mchwa. Iliyosalimika ni Vesta peke yake, ile asteroidi, jiwe kubwa la angani lililo kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwalimu wa sayansi alikuwa amemweleza baba kwamba iligongwa na jiwe jingine enzi na enzi, ikamegeka upande wa chini. Baba akashika patasi, akachimba shimo, kisha akaniita. Nilikuwa na miaka saba.

"Weka kidole gumba hapo, mama. Haya, umeshika mbinguni."

Nilikiacha kidole mle mpaka chai yangu ikapoa. Nilimpenda sana mzee yule.

Kijiti cha kuishikilia kilikuwa kimelegea, nikampelekea mdogo wangu karakanani. Nikamwambia akaze kijiti, basi. Niliporudi mchana alinipokea meno yote nje.

"Dada, njoo uone kazi! Lile shimo nimeliziba kwa unga wa mbao na gundi. Huwezi kujua palikuwa na kitu."

"Nani kakutuma? Si nilisema kijiti tu?"

"Sasa nikurudishie ina kasoro, watu waseme fundi gani huyu?"

"Kasoro hiyo kaiweka baba!"

Nililia palepale, mbele ya mteja aliyekuja kuulizia kitanda chake. Nikamsimulia mdogo wangu yote: patasi, kidole, mbinguni. Wakati ule alikuwa hajazaliwa, na baba alipofariki yeye alikuwa bado ananyonya.

Gundi ilikuwa mbichi. Akatoa patasi ya baba, akaanza kukwangua taratibu, bila haraka kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shimo lilipotokea lote, akalipangusa kwa pindo la shati, halafu akaweka kidole gumba chake mle.

"Fundi, kitanda changu je?" mteja akauliza.

"Kesho, mzee wangu."

Kidole hakukitoa. Nilikuwa nimekuja kuchukua Vesta yangu. Niliondoka mikono mitupu.